Base ya Kamina: maneno yanatangulia bunduki

Kila mara matata ya politiki yanapoanza katika nchi yetu, tunasikia watu wakisema: walete askari, mambo yatakwisha. Hata katika sakristia zetu tumesikia neno hilo, tena katika vinywa vya watu wema. Sisi tulio upande wa Haut-Lomami tuko na mahali panapoweza kutujibu. Tangu mwaka wa 1960 majeshi mengi yaliyotaka kuzima moto wa Kongo yamepita katika Base ya Kamina. Tumeifwata historia ya Base ile, na tumeona jambo moja linarudi: askari walifika nyuma, maneno yalikuwa yamekwisha kutangulia. Na pale ambapo hakuna aliyetuliza maneno, askari walipopanda ndege zao moto uliwaka upya.

Tunaandika haya hasa kwa wapadri na wakatekista, kwa sababu kazi yetu ni kusema mbele ya watu kila siku ya Mungu. Mtu wa kazi kama hiyo hawezi kusema kwamba matata ya maneno hayamhusu.

Base yenyewe haikujengwa kwa ajili ya magomvi yetu. Mwaka wa 1940 Wadachi waliingia Ubeleji na kuishinda kwa siku 18. Vita ilipokwisha, wakubwa wa Ubeleji waliogopa vita ingine, ile ya Warusi, wakataka kuwa na mahali pa kujificha mbali na Ulaya. Mwisho wa miaka ya 1940 wakaanza kujenga kule Kamina. Mahali palifaa, kwani Kamina ilikuwa tayari njia panda ya reli ya BCK, na mwaka wa 1956 reli ingine ikaunganisha Kamina na Kabalo. Vijana Wabeleji wakaja kujifunza pale kuendesha ndege na kuruka kwa miavuli. Tarehe 29 mwezi wa 6, 1960, siku moja mbele ya uhuru, serikali mbili zikatia sahihi mapatano ya urafiki. Base mbili kubwa, Kamina na Kitona, zikabaki mikononi mwa askari Wabeleji, lakini wasiingie katika mambo ya Kongo pasipo kuombwa na serikali ya Kongo. Mapatano yale hayakuthibitishwa kamwe.

Wakati ule maneno yalikuwa yamekwisha kuwa ya moto. Katika Katanga chama cha Conakat kiliundwa mwaka wa 1958, nyuma ya uchaguzi wa miji ambamo watu wa Kasai walipata nafasi nyingi. Tangu siku hizo watu walianza kugawanywa kwa neno moja: huyu ni mwenyeji, huyu ni mgeni. Balubakat ya Bwana Jason Sendwe ilikuwa kwanza pamoja na Conakat ya Bwana Moïse Tshombe, wakaachana mwaka wa 1959. Mwezi wa 5, 1960, Conakat ilipata viti 25 kati ya 60 vya baraza la jimbo. Balubakat na wenzake walikataa kuingia barazani ili baraza lisiweze kuanza kazi. Basi mwezi wa 6 bunge la Ubeleji likabadili sheria, Conakat ikaunda serikali peke yake. Wataalamu wa sheria wanaweza kubishana juu ya jambo hilo. Lakini kwa Waluba wa kaskazini lilikuwa sawa na kubadili kanuni za mchezo wakati wachezaji wamo uwanjani, na mtu aliyeona vile hatasikia tena hoja, atasikia dharau tu.

Dharau ingine iliandikwa juu ya ubao. Tarehe 5 mwezi wa 7, 1960, Leopoldville, jenerali Janssens, mkubwa wa Force Publique, aliwaandikia askari wake kwamba mambo yao nyuma ya uhuru yatakuwa sawa na mbele ya uhuru. Yalikuwa maneno machache ya chaki. Askari walikuwa na sababu zingine za kukasirika, za mshahara na za cheo, nasi hatutaki kusema kwamba ubao ule ndio ulioleta kila kitu. Lakini siku ile ile uasi ukaanza, na kwa siku chache ukasambaa mpaka Katanga. Wazungu wakakimbia kwa woga, na woga wao ukazaa habari zingine, za kweli na za uongo, zilizokimbia kupita magari yao.

Ndipo Base ya Kamina inapoingia katika historia yetu. Tarehe 10 mwezi wa 7 askari Wabeleji walitoka Kamina kwa ndege, wakashuka Elisabethville (Lubumbashi). Serikali ya Kongo haikuwaomba. Wao walisema: tumekuja kuokoa watu wetu. Na ni kweli kwamba kulikuwa na watu wa kuokoa; mkristu hawezi kulidharau jambo hilo. Lakini Leopoldville walilisikia namna ingine: Wabeleji wamerudi kuchukua nchi. Kesho yake, tarehe 11, Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 14 Kongo ikavunja urafiki na Ubeleji. Ndege zile zilituliza barabara za mji mmoja kwa siku chache, zikawasha nchi nzima.

Kisha ONU ikaichukua Base. Tunapashwa kuisifu ONU kwa jambo moja ambalo watu wamelisahau. Mwezi wa 10, 1960, ilipatana na Elisabethville kwamba katika Katanga ya kaskazini kuwe na sehemu za katikati, ambamo askari wa ONU peke yao watalinda amani. Wazee wetu wanafanya vile vile: watu wawili wakipigana, kwanza unawatenga. Lakini katika baraza la wazee, kisha kuwatenga, unamkalisha kila mmoja na kumsikiliza, hata kama inachukua siku tatu. Hapa watu walitengwa, na hakuna aliyewakalisha. Kila upande ukasema kwamba sehemu za katikati zinamfaa adui. Mwanzo wa mwaka wa 1961 zilikuwa zimekwisha kuvunjika.

Wandugu, katika miezi ile ndipo jambo la Niemba lilitokea, nalo linatuuma sisi tunaosema Kiswahili. Tarehe 8 mwezi wa 11, 1960, askari 11 wa Irlandi walio wa ONU walikwenda kutazama daraja karibu na Niemba, upande wa Albertville (Kalemie). Walikutana na kundi la vijana Waluba wenye pinde na mishale. Mkubwa wao, luteni Kevin Gleeson, akawaendea akiwasalimu: Jambo. Mishale ikajibu. Watu 9 wakafa, 2 tu wakapona. Kwa nini? Vijana wale walikuwa wameona vijiji vyao vikichomwa na majandarme wa Katanga, ambao wakubwa wao walikuwa Wazungu. Walipoona Wazungu wengine wenye bunduki, hawakuuliza hawa ni wa nani. Salamu ile ilikuwa nzuri, na mtu aliyeitoa hakuwa na kosa juu ya vijiji vile, lakini ilifika miezi mingi imechelewa. Sisi tunafikiri mara nyingi kwamba siku ya hatari tutapata neno la kufaa. Gleeson alikuwa nalo.

Miaka iliyofuata tutaipita upesi. Mwezi wa 9, 1961, majandarme wakaishambulia Base, na ndege yao moja ya Fouga ikaipiga toka juu. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Bwana Hammarskjöld, katibu mkuu wa ONU, akafa katika ndege karibu na Ndola, alipokuwa njiani kwenda kuzungumza na Tshombe. Tarehe 21 mwezi wa 12 Tshombe na Waziri mkuu Cyrille Adoula wakapatana kule Kitona, katika ile base ingine, ndugu ya Kamina. Tshombe akatia sahihi kwamba Katanga ni sehemu ya Kongo. Lakini aliporudi nyumbani, neno lile likaanza kupunguzwa na kufasiriwa, na watu wake hawakuambiwa wazi kwamba mambo yamebadilika. Mkubwa anayepatana na adui kwa siri na kuwaacha watu wake na nyimbo za vita amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyo nyepesi. Siku 11 tu nyuma ya Kitona, tarehe 1 mwezi wa 1, 1962, askari wa jeshi la taifa waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu kule Kongolo. Kwa askari wale wapadri Wazungu walikuwa watu wa Tshombe, basi. Tunawakumbuka wafia wale katika Misa. Tuwakumbuke pasipo kutaja kabila la mtu yeyote, kwani wao wenyewe walikuwa wamekuja kwa ajili ya makabila yote.

Askari Waswedi wa ONU waliingia mji wa Kamina tarehe 30 mwezi wa 12, 1962, na katikati ya mwezi wa 1, 1963, Katanga ikarudi katika Kongo. Miezi mitatu nyuma yake, tarehe 11 mwezi wa 4, Baba Mtakatifu Yohane XXIII alitoa barua yake Pacem in terris. Tungependa kila mseminari aisome akiwa na karta ya Katanga mbele yake.

Mwaka wa 1964 Base ikajaa tena. Wasimba walikuwa wamekamata Stanleyville (Kisangani), wakawashika Wazungu kama mateka, na radio yao ilikuwa ikiwatisha. Tarehe 22 mwezi wa 11 askari wa miavuli wa Ubeleji, wakibebwa na ndege za Marekani, walishuka Kamina. Tarehe 24 wakaruka juu ya Stanleyville. Tarehe 26 wakaruka juu ya Paulis, ndiyo Isiro ya leo. Tarehe 27 wakarudi Kamina, na siku chache mbele wakaenda zao Ulaya. Waliokoa watu wengi, hatuwezi kulikana. Lakini tuhesabu siku. Usiku wa kuamkia tarehe 1 mwezi wa 12, katika mji ule ule wa Isiro, masista wa Bafwabaka walikuwa mikononi mwa Wasimba, na mmoja wao, Sista Marie-Clémentine Anuarite, akauawa na kanali Olombe kwa sababu alikataa kuuvunja usafi wake. Hapakuwa tena na ndege. Wale waliobaki nyuma ya ndege walikuwa watu weusi kama sisi, wenye kulipa hasira ya wale waliopigwa.

Anuarite alimwambia mwuaji wake kwamba anamsamehe. Tarehe 15 mwezi wa 8, 1985, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alipomtangaza Mwenye heri kule Kinshasa, yeye naye akamsamehe mwuaji kwa jina la Eklezia. Ni miaka 21 katikati ya maneno mawili yale. Historia ya Base inahesabiwa kwa siku: tarehe 22, 24, 26, 27. Historia ya msamaha inahitaji kalenda ingine, na pengine ndiyo sababu waandishi wa magazeti hawaijui.

Mtu ataweza kusema: hayo ni mambo ya wazee, ya wakati wa Wazungu na ONU. Basi tuje kwa mambo yetu wenyewe. Katika miaka ya 1992 na 1993 wengine wetu tulikuwa watoto wadogo, lakini mama zetu wanakumbuka. Hapakuwa na Mbeleji wala ONU wa kulaumiwa. Mwezi wa 8, 1992, Mkutano mkuu wa taifa kule Kinshasa ulimchagua Bwana Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa Waziri mkuu mahali pa Bwana Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule. Gavana alikuwa Bwana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, wa chama cha UFERI kama Nguz. Na hapa ndipo historia inatushangaza: Kyungu yule alikuwa mmoja wa wale wabunge 13 ambao mwaka wa 1980 walimwandikia Rais Mobutu barua ya ushujaa, pamoja na Tshisekedi. Wawili hawa waliteswa kwa jambo moja. Urafiki wa gereza haukutosha.

Katika mikutano ya siku zile neno moja likatembea. Watu wa Kasai wakaitwa bilulu. Msomaji wa Kamina hahitaji kufasiriwa. Kwa wandugu wa mbali tuseme kwamba kilulu ni mdudu. Tulifikirie neno hilo kidogo. Mtu hawezi kumfukuza jirani ambaye walibatizwa pamoja, ambaye mama yake alimpa dawa ya mtoto usiku, ambaye baba yake aliletwa na kampuni kufanya kazi ya reli ao ya shaba tangu miaka ya 1920. Moyo wake utamkataza. Lakini kilulu anafagiliwa. Neno lile lilifanya kazi mbele ya panga lolote: lilimwondoa mtu katika hesabu ya watu, ili mikono isiogope. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyekaa kati ya Waluba wa upande wetu, aliandika katika mwaka wa 1945 kwamba kwa Muntu uzima unaweza kuongezwa ao kupunguzwa na mtu mwingine. Wenye elimu wamemkosoa kwa mengi, na wana haki. Lakini juu ya jambo hili alisikia vizuri.

Likasi ndiyo iliyoanza, mwaka wa 1992; Kolwezi ikafuata mwaka wa 1993. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, watu kwa maelfu na maelfu wakalala katika stasioni za reli wakingoja treni ya Kasai. Treni ile inapita wapi? Inapita Kamina. Njia panda ile ile iliyopendwa na wakubwa wa jeshi ikapitisha mabehewa yaliyojaa akina mama, magodoro, masufuria na maiti za watoto, yakaenda Mwene-Ditu na mbele. Wengi waliofukuzwa walikuwa wamezaliwa Katanga, na Kasai hawakuijua. Na Base, yenye kiwanja chake kikubwa cha ndege na askari wake, haikuweza kitu juu ya neno bilulu.

Eklezia ilikuwa na neno la kujibu. Mwaka wa 1976 Askofu mkuu Eugène Kabanga wa Lubumbashi aliandika barua kwa wakristu wake yenye jina Je suis un homme, ndiyo kusema: Mimi ni mtu. Aliiandika juu ya matata mengine, ya wakati wa Mobutu, yenye udhalimu na rushwa. Lakini jina la barua ile peke yake lingeweza kusomwa katika kila kapela mwaka wa 1992. Tunajiuliza, pasipo kumhukumu mtu, ilisomwa mahali pangapi. Katika parokia zetu wakatekista wa pande zote mbili walikuwa wakifundisha watoto walewale. Wako waliowaficha jirani chini ya kitanda, Mungu anawajua. Wako pia waliocheka neno lile liliposemwa kwa mchezo nyuma ya Misa, na kucheka kule hakukuonekana kuwa dhambi, kwani hakuna aliyekuwa ameshika panga.

Ndiyo maana tunasema kwamba kazi yetu inaanza mapema sana, wakati ambapo hakuna damu na mtu anaonekana mjinga kwa kukasirikia utani. Yakobo mtume anaulinganisha ulimi na moto mdogo unaochoma msitu mkubwa. Sisi tunahubiri jambo hilo juu ya wamama wanaosengenyana kisimani, kisha tunanyamaza juu ya bwana wa chama aliyekuja na magari matatu na kutoa bati kwa kapela. Tunapashwa kumwambia, kwa heshima, nyumbani mwake na siyo katika mahubiri, kwamba jina lile alilowapa watu wengine halitasemwa katika uwanja wa misioni. Akikasirika, bati zake azichukue. Na jambo lingine: padri aende kwanza kwa watu wa kabila lake mwenyewe. Mimi Mluba nikiwaonya Waluba, watasema nimewasaliti, lakini watanisikia. Nikiwaonya wengine, nitakuwa nimeongeza kelele moja tu. Hilo ndilo lililokosekana nyuma ya Kitona. Juu ya habari za kukimbia, zile zinazosema kwamba watu fulani wamekwisha kuua fulani katika mji fulani, leo zinafika katika simu ya kila mtoto mbele ya paroko hajavaa viatu. Katekista mmoja mwenye akili, aliye na namba ya katekista mwenzake wa mji ule, anaweza kuzima habari moja ya uongo kwa dakika tano. Tungeomba kila dekania iwe na karatasi ya namba hizo, ikiwa ni pamoja na za wandugu Wametodisti, ambao katika Kamina ni wengi na wa siku nyingi.

Mwaka wa 2015 Katanga iligawanyika katika majimbo manne, na Kamina ikawa mji mkuu wa Haut-Lomami. Mwezi wa 5, 2022, Askofu mkuu Fulgence Muteba aliwaita Wakatanga Lubumbashi kwa mkutano wa umoja na upatanisho kati yao. Tulifurahi, maana wa kusini na wa kaskazini walikuwa wamekwisha kurudia maneno ya mwaka wa 1960. Kuzungumza pamoja na wandugu wa Kasai juu ya mwaka wa 1993 ni kazi ingine, nayo itahitaji mashahidi. Kyungu alifariki mwaka wa 2021. Wafanyakazi wa reli walioona mabehewa yale katika stasioni ya Kamina wamezeeka. Kila mwaka tunazika wengine. Wanajua wapi maiti zilizikwa kando ya reli, ni nani aliyeleta maji, ni watoto gani walioachwa na kulelewa na jamaa za Kamina. Waseminari wanarudi nyumbani likizo mwezi wa 7. Wachukue daftari, wawatembelee wazee hao, waandike majina.